Kusomea Mchezo: Nafsi ya Kwanza na Nafsi ya Tatu katika Shahada ya Sanaa za Maonyesho

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno "mchezo" lina mizigo miwili isiyolingana. Kwanza ni jina la jambo lisilo na uzito. Mtu asiyetimiza kazi yake huambiwa kwamba analeta mchezo, na jambo zito husifiwa kwa kulikana neno hilo: husemwa kwamba si mchezo. Pili ni jina la sanaa. Watu husema mchezo wa kuigiza na mchezo wa redio, na ngoma nayo huchezwa. Wataalamu wamejitahidi kuitenganisha mizigo hiyo. Neno "tamthilia", ambalo limetoka katika Kiarabu na ni ndugu wa "methali" na "mithili", aghalabu hutumika kwa mchezo ulioandikwa. Istilahi "sanaa za maonyesho" imekusudiwa kukusanya utendaji wote, ulioandikwa na usioandikwa. Hata hivyo, mzazi anapouliza mwanawe anasomea nini chuoni, jibu linalomfikia sikioni ni lile la zamani: anasomea mchezo.

Makala haya yanamfuata mwanafunzi mmoja aliyesomea shahada ya kwanza ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1991 hadi 1994. Jina lake halitatajwa, wala la shule iliyomfukuza mdogo wake, kwa kuwa majina hayo hayaongezi kitu katika hoja. Hoja yenyewe ni kwamba shahada ya namna hii humfundisha mtu kutumia nafsi ya kwanza kwa niaba ya mwingine, na kwamba anayejifunza hivyo huweza, bila ya kutazamia, kumfungulia yule mwingine njia ya kusema "mimi" kwa kinywa chake mwenyewe.

2.0 Fomu ya Maombi

Binti huyu alizaliwa Kisarawe, mwendo mfupi kutoka Dar es Salaam. Baba yake alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Ikumbukwe kwamba mahakama za mwanzo nchini Tanzania huendeshwa kwa Kiswahili, na karani ambaye kwa miaka mingi amenakili kumbukumbu za mashauri huwa na sikio kali kuliko wengi wetu wanaoitwa wanaisimu. Mzee huyu alijua tofauti kati ya "alinipiga" na "alitaka kunipiga", na alijua kwamba mtu aliwahi kufungwa au kuachiwa huru kwa tofauti hiyo. Alitaka mwanawe asome sheria. Fomu ya maombi ilipoletwa nyumbani, aliisoma kama anavyosoma hati ya wito, mstari kwa mstari, kisha akaiweka mezani.

"Mwanangu, sheria ipo, uchumi upo, ualimu upo. Wewe umekwenda kuchagua mchezo?"

"Si mchezo, baba. Ni sanaa za maonyesho."

"Maonyesho ya nini? Ya Sabasaba?"

Swali hilo lilikuwa la dhihaka, lakini kwa mtazamo wa lugha lilikuwa na haki. Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam na viunga vyake, "maonyesho" ni yale ya biashara ya kila mwezi wa Julai, ambako watu huenda kutazama matrekta na kununua vyombo. Neno limetokana na kitenzi "ona", ambacho kikinyambuliwa huzaa "onya", yaani kumfanya mtu aone, na kikinyambuliwa tena huzaa "onyesha". Kwa hiyo "onyo" na "onyesho" ni matawi ya shina moja. Binti hakuyajua hayo siku ile, na hata kama angeyajua asingemjibu baba yake kwa sarufi. Alinyamaza. Mama yake alipakua chakula, na fomu ikatiwa sahihi baada ya siku tatu bila ya maneno mengine.

Katika nyumba hiyo kunyamaza kulikuwa kumekwisha kuwa desturi. Mwaka 1990 mdogo wake, aliyekuwa kidato cha pili, alipata mimba na kufukuzwa shule. Usiku wa habari hiyo wazazi walizungumza chumbani kwa sauti za chini, na binti, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, alisikia sehemu ya mazungumzo hayo. Lililombaki masikioni ni neno moja la baba: "Asirudi." Asubuhi mdogo wake alipelekwa Maneromango kwa bibi yao, na mtoto akazaliwa huko mwanzoni mwa mwaka 1991. Tangu siku hiyo jina la msichana yule halikutajwa mbele ya baba. Hakuna aliyeambiwa asilitaje. Kila mmoja alijiwekea katazo lake, na jumla ya makatazo hayo ikawa sheria ya nyumba.

3.0 Somo la Kusema "Mimi"

Idara aliyoingia binti ilianzishwa mwaka 1967, wakati chuo cha Dar es Salaam kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na si ajabu kwamba kizazi cha kwanza cha idara hiyo kilijiuliza mapema sanaa ni ya nani na iseme kwa lugha gani. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka 1972, na mwaka 1976 yeye na Ndyanao Balisidya wakatoa kitabu cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, ambacho kilihimiza kwamba sanaa hizi zisipimwe kwa jukwaa na pazia la Kizungu. Kwa maelezo yao, panapokuwa na dhana inayotendwa, mtendaji, uwanja na watazamaji, sanaa ya maonyesho imekwisha kuwapo, hata kama uwanja wenyewe ni chini ya mwembe.

Hata hivyo palikuwa na jambo ambalo halikutatuliwa. Idara ya Kiswahili, tangu ianzishwe mwaka 1970, ilifundisha kwa Kiswahili. Katika sanaa za maonyesho, mihadhara ya nadharia na mitihani yake ilikuwa kwa Kiingereza, ilhali michezo ilitungwa na kuchezwa kwa Kiswahili. Binti aliandika asubuhi kuhusu Aristotle kwa lugha moja, na jioni akafanya mazoezi kwa lugha nyingine. Mwanzoni aliona kwamba maarifa yake yamegawanyika katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake. Yale aliyoyajua kwa Kiingereza hayakumsaidia kusimama jukwaani, na yale ambayo mwili wake ulikwisha kuyajua hakuwa na maneno ya kuyaandikia mtihani.

Mlango ulipatikana katika zoezi dogo la uigizaji. Kila mwanafunzi alitakiwa kumleta darasani mtu anayemfahamu na kusema kwa niaba yake kwa dakika tatu. Binti alimchagua mwanamke mmoja muuza vitumbua wa Kisarawe. Alianza kueleza kwamba mama yule huamka saa kumi za usiku, kwamba ana kikohozi, kwamba hukopesha watu na kudai kwa utani. Mwalimu akamsimamisha.

"Unatusimulia. Hatukuomba hadithi. Yuko wapi yeye?"

Alijaribu tena. Mara hii alisema, "Mimi naamka saa kumi." Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na darasa likacheka. Alirudia mara kadhaa, mpaka ikafika mahali ambapo ile "na-" ya mwanzo wa kitenzi haikuwa yake tena. Mgongo uliinama kidogo, mkono ukatafuta kijiti cha kugeuzia vitumbua, na kikohozi kikaja bila ya kuitwa. Hapakuwa na aliyecheka.

Baadaye alipokutana na nadharia vitabuni, aliitambua kama mtu anayekutana na jirani ugenini. Aristotle alitofautisha uigaji wa kusimulia na uigaji wa watu wanaotenda. Stanislavski alimtaka mwigizaji ajiulize angefanya nini kama yeye ndiye angekuwa katika hali ile. Kwa Kiswahili fundisho hilo zima linakaa ndani ya kiambishi "-nge-", pamoja na nafsi ya kwanza inayokitangulia. Brecht, kwa upande wake, alipendekeza kwamba katika mazoezi mwigizaji ageuze maneno yake yawe ya nafsi ya tatu na ya wakati uliopita: badala ya "ninaondoka", aseme "akaondoka". Nia yake ilikuwa mwigizaji asizame ndani ya mhusika hata akashindwa kumhukumu. Binti alichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake. Upande mmoja aliandika "ni-", upande wa pili "a-", na kila mwalimu wa sanaa aliyemsoma akamweka upande wake. Palikuwa na waliokaa juu ya mstari.

4.0 Maneno Yasiyonakiliwa

Katika mwaka wa pili alitakiwa kuandika kazi ya utafiti kuhusu sanaa za maonyesho za jadi. Alikuwa na bahati ambayo wenzake waliionea wivu: bibi yake wa Maneromango alikuwa kungwi. Wanawake wa makamo wa vijiji kadhaa walichezwa unyago mikononi mwake.

Hapana budi kueleza kwamba wakati huo uchunguzi wa aina hii ulikwisha kupata heshima chuoni. Mwaka 1983 Penina Muhando Mlama alikuwa amekamilisha tasnifu ya uzamivu katika chuo hichohicho, ambamo alizichunguza sanaa za maonyesho za Wakaguru kama asasi ya elimu. Yaani yale yaliyoitwa ushenzi na watu wa misheni, na yaliyoitwa mambo ya kizamani na wasomi wa awali, yalitambuliwa kuwa ni shule yenye walimu, mtaala na mbinu za kufundishia. Binti alikwenda Maneromango na kinasa sauti cha kuazima, akiamini kwamba anakwenda kumpa bibi yake heshima aliyonyimwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kidude kinasikia?"

"Kinasikia, bibi."

"Basi kifunge kwanza, tule."

Walipokwisha kula, bibi alimweleza kwa ridhaa mambo mengi: jinsi wanawake wazima wanavyojigawa na kuigiza mbele ya mwali ugomvi wa mke na mawifi, jinsi mmoja anavyochukua nafasi ya mume kwa kujifunga nguo tofauti na kubadili mwendo, jinsi mwali anavyokatazwa kucheka hata wengine wakicheka. Lakini kila alipofika kwenye maneno ya nyimbo alisita. Alitaka kujua maneno hayo yatakwenda wapi. Alipoambiwa kwamba yataandikwa na kusomwa na walimu, akauliza:

"Na wanaume watayasoma?"

"Watayasoma, bibi."

"Hayo si maneno ya kusomwa. Ni maneno ya kusemwa mbele ya mtu anayestahili, na aliyeyasema akiwa pale kuyajibia."

Kazi iliyowasilishwa mwaka ule haikuwa na hata mstari mmoja wa wimbo. Ilieleza mpangilio, nafasi za watendaji, ukaaji wa watazamaji na uhusiano wa kungwi na mwali. Mwalimu mmoja aliandika pembeni kwamba data ni pungufu. Mwingine alisema kwamba huo ndio ukurasa wa kwanza alioamini. Binti mwenyewe aliondoka Maneromango na funzo ambalo halikuingia katika kazi hiyo: kwamba neno la mchezo lina mwenyewe, na mwenye kulisema hana budi awepo kulijibia.

Mdogo wake alikuwapo siku zote za utafiti huo. Ndiye aliyechota maji na kupika. Mtoto, aliyekuwa amekwisha kuanza kutembea, alikibonyeza kinasa sauti mara mbili, na katika kanda ile iliyokatazwa nyimbo ikabaki sauti yake tu.

5.0 Mhusika Aliyekosekana

Sehemu ya masomo ambayo wanafunzi waliisubiri kwa hamu na hofu ilikuwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Walimu wa idara walikuwa wameifanyia kazi njia hiyo huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye Msoga katika mkoa wa Pwani. Mwaka 1991 Mlama alichapisha kitabu kilichoeleza uzoefu huo. Utaratibu wake ni wa hatua zinazofuatana. Kwanza watu wa kijiji na wageni wao huchunguza pamoja matatizo ya mahali, kisha huyachambua, hutunga mchezo kwa sanaa walizonazo wenyewe, huucheza hadharani, na baada ya hapo hujadili walichokiona na kuamua la kufanya. Tofauti yake na mchezo wa kampeni ni kwamba ujumbe hauletwi kutoka mjini ukiwa umefungwa tayari. Mbrazili Augusto Boal, ambaye kitabu chake kuhusu sanaa ya maonyesho ya wanaokandamizwa kilitoka mwaka 1974, alifikia hatua ya kumtaka mtazamaji asimame na kuingia mchezoni.

Kundi la binti lilikaa wiki tatu katika kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani. Katika mkutano wa kwanza wazee walizungumza, wanaume wa makamo waliunga mkono, wanawake waliulizwa kama wana la kuongeza wakasema hawana. Wasichana walikaa nyuma kabisa na kuchora mchanga kwa vidole. Tatizo lililotajwa lilikuwa utoro wa shuleni. Siku chache baadaye, katika mazoezi, wasichana haohao walipopewa nafasi za kuigiza, utoro ulibadilika sura. Mmoja aliigiza mwalimu mkuu, mwingine mzazi, wa tatu msichana anayefungasha madaftari. Yale yasiyosemeka mkutanoni yalisemeka kwa sababu hakuna aliyeyasema kwa jina lake. Aliyesema "mimi" hakuwa yeye, na kila mtu alijua kwamba ndiye.

Mchezo ulionyeshwa jioni, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Ulimhusu msichana aliyefukuzwa shule kwa mimba. Baada ya onyesho majadiliano yalizunguka palepale pa kawaida, yaani malezi, tamaa na siku hizi. Ndipo msichana mmoja, ambaye hakuwa hata katika waigizaji, alinyosha mkono na kusema kwa utulivu:

"Mchezo wenu umepungukiwa mhusika mmoja. Huyo mwanamume yuko wapi?"

Neno "mhusika" lina kazi mbili. Katika fasihi ni mtu wa ndani ya hadithi au mchezo. Katika barua za ofisi na mahakamani ni yule ambaye jambo linamgusa na anatakiwa kufika. Msichana yule alizitumia kazi zote mbili kwa pumzi moja. Palikuwa kimya. Wanafunzi wa chuo walitazamana, kwa kuwa katika wiki tatu za kutunga, na wao wakijiona ni watu walioelimika katika mambo haya, hapana hata mmoja aliyekuwa amemkumbuka mwanamume huyo. Binti alikuwa na sababu zaidi ya kuinamisha kichwa. Nyumbani kwao pia, kwa miaka mitatu, hakuna aliyeuliza.

6.0 Kumbukumbu Inasahihishwa

Kwa mradi wake wa mwaka wa mwisho aliandika na kuongoza mchezo wa sehemu tatu. Alimweka mwanamume aliyekosekana katikati ya uwanja, akiwa amewapa watazamaji mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Wahusika wengine walimzunguka, walimpisha, waliweka vyombo karibu na miguu yake, na hawakumwuliza neno. Sehemu ya tatu ilikuwa usiku wa wazazi chumbani, na msichana mkubwa nyuma ya ukuta. Mama aliigizwa na binti mwenyewe. Baba aliigizwa na mwanafunzi mwenzake, na maneno aliyopewa yalikuwa machache, la mwisho likiwa lile lililodumu masikioni tangu mwaka 1990: "Asirudi nyumbani kwangu."

Alikuwa amekwenda kumwomba mdogo wake ruhusa. Alimsomea mchezo wote, neno kwa neno, akiwa amekaa mkekani. Mdogo wake alitaka kitu kimoja kiondolewe, nacho kikaondolewa. Baba yake hakumwomba. Alimpelekea salamu kwamba kuna onyesho la mwisho la masomo yake, basi.

Mzee alikuja. Alipanda basi la Kisarawe linalopitia Pugu, akabadilisha magari hadi Mlimani, na alifika nusu saa kabla ya wakati, amevaa viatu vya kazini. Alikaa kiti cha mwisho wa safu, mikono juu ya magoti, kama shahidi anayesubiri kuitwa. Katika majadiliano yaliyofuata onyesho hakusema neno. Binti alivua maleba haraka akamsindikiza kituoni, na walitembea mwendo mrefu kabla ya baba kufungua mdomo.

"Yule mzee hakusema 'asirudi'."

Binti aliielewa nafsi aliyoichagua baba yake, akaiheshimu.

"Alisema nini, baba?"

"Aliuliza. Alisema, akirudi, watu nitawaambia nini."

Wakapita nguzo mbili za taa. Kisha akasema:

"Mimi sikusema asirudi. Niliuliza, na hakuna aliyenijibu."

Kimofolojia kilichotokea kati ya nguzo hizo ni kidogo sana. Kiambishi kanushi cha nafsi ya tatu umoja, "ha-", kilibadilishwa na kile cha nafsi ya kwanza umoja, "si-". "Hakusema" ikawa "sikusema". Karani alifanya kile alichokifanya maisha yake yote, yaani kusahihisha kumbukumbu iliyonukuliwa vibaya. Lakini asiyehusika hana haki ya kusahihisha kumbukumbu ya shauri, na kwa kuisahihisha mzee alijitaja kuwa ndiye mhusika. Alianza kwa kumtetea mzee wa mchezoni na akamalizia kwa kujisemea mwenyewe.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Ukuta ulikuwa umepitisha maneno nusu. Swali liligeuka amri, na kwa muda wa miaka minne nyumba nzima ilitii amri ambayo haikutolewa. Mama hakuthubutu kuuliza, binti hakuthubutu kuuliza, na baba, aliyeuliza mara moja bila ya kujibiwa, aliuchukua ukimya wao kuwa ndio jibu. Kama mchezo ungenukuu sawasawa, pengine mzee angetazama na kuondoka zake. Kosa la mtunzi ndilo lililomfanya aseme.

7.0 Hitimisho

Isidhaniwe kwamba makala haya yanataka kuonyesha kwamba sanaa za maonyesho huponya kila kitu. Mradi ule haukupata alama za juu kabisa. Watahini waliona kwamba sehemu ya tatu ni ndefu na kwamba mwanamume wa katikati hakutatuliwa. Katika hili la pili walisema kweli, kwa sababu hata katika maisha hakutatuliwa. Jumamosi iliyofuata mzee alikwenda Maneromango akiwa na sukari kilo mbili na doti ya khanga. Waliyozungumza na binti yake mdogo hayakunakiliwa popote, na mama na mtoto walirudi Kisarawe kabla ya mvua za vuli. Shule haikumpokea tena. Utaratibu haukuruhusu, na mchezo mmoja wa mwaka 1994 haukuweza kuubadili.

Wengine waliendelea kusukuma. Mwaka 1996 Lihamba na Mlama walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, ambamo wasichana hutumia sanaa za maonyesho kuchunguza na kusema yanayozuia masomo yao, na mradi huo ulienea baadaye hadi nchi nyingine za Afrika. Mwezi Novemba mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana wanaokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mtoto aliyebonyeza kinasa sauti kule Maneromango alikuwa amekwisha kutimiza miaka 30.

Inafaa kuzingatia jina lile la mradi. "Tuseme" ni nafsi ya kwanza wingi. Kati ya "aseme", ambayo ni rahisi kumwamuru mwingine, na "niseme", ambayo ni ngumu kwa mtu aliye peke yake, pana nafasi ambayo watu huihitaji ili wazoee sauti zao wenyewe. Kazi ya shahada ya sanaa za maonyesho ni kuwaandaa watu wanaojua kuitengeneza nafasi hiyo, kuilinda, na kuwapo ndani yake kuyajibia maneno yao. Hilo halipimwi kwa urahisi katika mtihani, lakini linafundishika, na mwanafunzi huyu alifundishwa.

Mzee alistaafu miaka mingi iliyopita. Anapoulizwa na wageni binti yake mkubwa alisomea nini Mlimani, bado hasemi sanaa za maonyesho. Husema, "Alisomea mchezo." Zamani alilisema neno hilo kwa sauti ya chini na kugeuza mazungumzo. Siku hizi hulisema kwa sauti yake ya kawaida, kisha husubiri aulizwe.